Waridi la Mkondo katika Chumba cha Mwanaima

Saa kumi alasiri, jua la Timbwani likiwa bado halijalegea, Badi Mwinyihaji anasimama kwenye mlango wake wa nyuma na chupa ya kioo mkononi. Anaiinua juu na kuifinyia jicho moja. Maji yaliyomo ni ya kijani, rangi ya jani la mgomba lililofunguka jana. Anaitikisa kidogo, anafungua kizibo, kisha anaisogeza puani.

"Hii nzuri," anasema. "Yanukia nyasi baada ya mvua. Siku ikinuka yai viza, basi ujue nimo mashakani."

Jirani anayepita na ndoo anamsalimu, halafu anamuuliza mgonjwa aendeleaje. Badi anamjibu, bila hata kutabasamu, kwamba mgonjwa amekula vizuri tangu asubuhi, alhamdulillahi. Jirani anaenda zake akicheka. Mtaa huu wote wa Timbwani, hapa Likoni, unajua kwamba Badi amelaza ua hospitalini, na hospitali yenyewe ni chumba cha nyuma cha nyumba yake.

Chumbani humo mna kitanda kimoja kilichotandikwa shuka safi ambalo kwa kawaida halilaliwi. Kando ya kitanda, juu ya meza nzito, kuna tangi la kioo lililojaa maji ya bahari. Juu ya tangi, kwenye msumari, inaning'inia chupa ya dripu iliyotoka zahanati, na mpira wake unadondosha maji ya kijani tone baada ya tone. Katikati ya tangi, kwenye kipande cha kamba nene ya nanga, kimesimama kitu chekundu chenye matawi laini, kikubwa kidogo kuliko ngumi ya mtoto.

Wazamiaji wa Likoni hukiita waridi la mkondo. Si ua, ni tumbawe, yaani mnyama, tena mnyama mwenye madeko. Matumbawe mengi hupata riziki yao kwenye jua, lakini hili halina habari na jua. Linaishi kwa kula, na chakula chake ni vile vijimea vya baharini vilivyo vidogo mno hata jicho haliwezi kukiona kimoja kimoja. Huonekana tu vikiwa maelfu kwa maelfu, vikayapaka maji rangi. Mkondo ukileta chakula hicho, waridi hujaa na kusimama. Mkondo ukikatika, hunywea likawa kama kitambaa kilicholowa.

Badi, mwenye umri wa miaka hamsini na moja, ni mfanyakazi wa banda la kampuni moja inayosafirisha samaki wa mapambo ng'ambo. Huchunga matangi, hubadilisha maji, huwatenga samaki wagomvi, na siku ya ndege husaidia kuwatia kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa. Mshahara wake ni shilingi elfu mbili na mia nne kwa mwezi, ambao anasema ukifika katikati ya mwezi huwa tayari unachechemea.

Hakuanza kazi kwa kuchunga matangi. Tangu ujana wake hadi mwaka 1988 alikuwa mzamiaji, na samaki waliokuwa wakiletwa bandani humo alikuwa akiwafuata yeye mwenyewe huko chini kwa kiwavu kidogo na kijiti. Mkubwa wa kazi alikuwa akimwita bandani kwa utani tu, aje awatazame wageni wake.

Siku moja ya mwaka huo alizama akiwa na mafua. Kila mzamiaji anajua kwamba mafua na kina haviendi pamoja, na kila mzamiaji ana siku moja anayojifanya hajui. Sikio la kulia lilipasuka ndani kwa ndani, maji baridi yakaingia, na palepale akapoteza juu na chini. Anasema alikuwa akipiga miguu kwa nguvu zake zote akidhani anapanda, kumbe anazidi kwenda chini. Aliyemshika mkono na kumgeuza ni mwenzake Kitsao, mzamiaji kutoka Takaungu, ambaye wamefanya kazi pamoja tangu wote wawili hawajaota ndevu.

Daktari alimwambia kwamba kichwa chake kisiingie tena majini, hata kwenye maji ya kiunoni. Kampuni haikumfukuza, ikampa kazi ya bandani. Badi anashukuru kwa hilo, lakini mtu akimsikiliza vizuri husikia kwamba shukrani ile ina shimo katikati.

Anachokikosa si samaki, wala si fedha, ingawa mwezi mzuri wa kuzamia ulimpa mara mbili ya anachopata leo. Anakosa mahali pamoja. Nje ya mwamba, pale sakafu ya bahari inapokatika na kushuka, kuna ukuta. Kwenye ukuta huo yako mawaridi ya mkondo kwa mamia, na maji yakiwa yamelala hayaonekani kabisa.

"Kwanza huoni kitu, waona jiwe tupu," anasema, na mkono wake unapanda taratibu hewani. "Kisha maji yaanza kwenda. Hapo ukuta mzima wavaa. Mwekundu, wa zambarau, wa manjano. Wallahi, mara nyingine nalisahau kilichonipeleka."

 Ni mtu anayetamani, na hilo halifichi. Kitsao amewahi kumbembeleza apande zile boti za watalii zenye sakafu ya kioo, akaone bahari bila kulowa. Badi alikataa, akamwambia kwamba mtu hachungulii nyumbani kwake dirishani.

Basi huo ukuta ndio aliokuwa akimsimulia binti yake. Mwanaima ni mwana wao wa pekee, yeye na mkewe Mwanatumu. Alipokuwa mdogo alikuwa akimngoja baba yake mlangoni kila alasiri, na hakumruhusu kuvua hata shati kabla hajaeleza alichokiona. Badi alimletea magamba, alimletea nyota ya bahari iliyokauka, akamletea jiwe lenye tundu. Waridi hakuweza kumletea. Likitolewa majini huwa limekwisha kuwa tambara kabla boti haijafika ufukweni, na mtoto alikataa katakata kuamini kwamba tambara lile ndilo waridi analosifiwa.

"Nalimwambia, nyamaza, siku moja utaliona liko hai," Badi anakumbuka. "Baba akishasema, amesema. Lakini akawa mkubwa, nami sijamwonyesha."

Mwaka 1991 Mwanaima aliolewa na kwenda kukaa Maskati na mumewe. Tangu wakati huo hajarudi. Hatumi barua, hutuma kanda za kaseti kwa mkono wa wasafiri, na wazazi wake hukaa mbele ya redio wakamsikiliza akizungumza kana kwamba yuko chumba cha pili. Husema mambo ya joto la kule, ya mtoto aliyezaliwa, ya samaki wasio na ladha. Kila mwaka husema kwamba Ramadhani ijayo atafunga nyumbani. Katika kanda moja ya mwaka juzi alicheka, akauliza, "Na lile waridi langu, baba, ndo limeshazama?"

Mwanatumu anasema mumewe alisimama na kutoka nje. Alidhani anakwenda msikitini mapema.

Waridi lililo chumbani leo lilifika mwezi wa Januari mwaka huu wa 1994. Kitsao alikuta kamba ya nanga iliyokatika, imelala chini ya ukuta, na juu yake kijiwaridi kimeota. Hakukibandua. Alikata kamba kwa kisu, akaitia yote kwenye ndoo huko huko chini ya maji, akafunika, akaja nayo hadi Timbwani akitembea kama mtu aliyebeba uji wa moto. Kampuni haitaki mawaridi haya kwa kuwa hayafiki salama, na Kitsao hakufikiria hata kidogo kuipelekea. Alimwambia Badi kwamba hilo ni lake, na kwamba asimuulize litakula nini, kwa kuwa hajui.

Badi aliliweka tangi katika chumba cha Mwanaima. Mkewe alipouliza kwa nini huko, alijibu kwamba ndicho chumba kilicho baridi zaidi, jambo ambalo ni kweli. Sababu nyingine hakuitaja.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mtu anayefuga mbuzi anajua majani, na anayefuga kuku anajua pumba. Anayefuga waridi la mkondo hana wa kumuuliza. Badi alianza na kiini cha yai la kuchemsha, akakikamua ndani ya kitambaa mpaka yakatoka maji ya manjano. Waridi halikushughulika nacho, na siku ya pili chumba kikawa hakiingiliki. Akajaribu hamira iliyokorogwa. Maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele, na waridi likajikunja mpaka akadhani amelipoteza.

Florence, karani wa stoo ya banda, mkazi wa Mikindani, alimwonea huruma. Alimpa chupa iliyokuwa imeletwa kutoka Ujerumani pamoja na vifaa vingine, ndani yake mna rojo zito la kijani kilichokoza. Maelezo yake hakuna aliyeweza kuyasoma, lakini picha ya tumbawe ilikuwa juu ya karatasi. Badi aliyeyusha kidogo, akatia. Jioni ile kwa mara ya kwanza waridi lilifungua matawi, na Badi alimwita Mwanatumu atoke jikoni aje aone. Anakiri kwamba alishindwa kula chakula cha usiku kwa furaha.

Furaha ile haikudumu juma zima. Vijimea vya chupa ile vilikuwa vimekufa zamani. Waridi lilivila vilipokuwa vikipita mbele yake, lakini vilivyolipita vilitua chini, vikaoza, na ule uvundo wa yai ukarudi. Badi akaona kwamba haitoshi chakula cha waridi kuwa kidogo na cha kijani, ni lazima kiwe hai, kielee, kisubiri kuliwa.

Akaamua kukikuza mwenyewe. Aliteka maji upande wa Mtongwe, ndani kwenye mkono wa bahari, na akateka mengine hapa Timbwani panapotazama bahari kuu. Aliyatia kwenye chupa za kioo, akachanganya kidogo na maji machafu ya matangi ya samaki yawe mbolea, akazipanga dirishani. Maji ya Mtongwe yaligeuka rangi ya chai nyepesi na kugandamana kwenye kioo. Ya Timbwani yaligeuka kijani na kubaki yameelea, hayatui wala hayagandi. Badi alilionjesha waridi yote mawili kwa zamu. Kwa yale ya rangi ya chai lilifungua nusu, kama mtu anayekula kwa heshima ya mwenyeji. Kwa yale ya kijani liliamka lote.

Tangu hapo hajabadili. Kila chupa ikikomaa hutumia sehemu kubwa na kubakisha kiasi chini, kisha huongeza maji mapya ya bahari. Kile kilichobaki ndicho mbegu ya chupa inayofuata, kama wanawake wanavyobakisha chachu ya mkate wa mofa. Badi husema kwamba chupa huzaa chupa, na kwamba hizi za leo ni wajukuu na vitukuu vya ile ya kwanza.

Namna ya kulisha nayo ilimpa taabu. Mwanzoni alikuwa akimimina kikombe kizima asubuhi na kikombe jioni, kama mtu anavyokula. Siku moja akiwa kazini alijicheka. Pale ukutani hakuna anayepakua sahani. Mkondo hupita kutwa kucha, na kila mmoja huchukua chake kidogo kidogo. Alikwenda zahanati kumwomba mhudumu chupa na mpira wa dripu uliokwisha kutumika, akaambiwa achukue, ila asiseme ni wa nini kwa kuwa hakuna atakayeamini. Mashine ya kuchuja maji ya tangi aliizima kabisa, maana ilikuwa ikimpora mgonjwa chakula mdomoni.

Chakula kikapatikana basi, na njia ya kukila ikapatikana. Lakini kukawa na jambo la Ijumaa.

Jumapili waridi lilikuwa zuri. Jumatatu lilikuwa zuri zaidi, na hivyo hivyo mpaka Alhamisi. Kila akiamka Ijumaa, Badi alilikuta limenywea, matawi yamelala, na juu ya maji kuna utando mwembamba unaong'aa. Lilichukua siku mbili kujiinua, na kila lilipojiinua lilikuwa dogo kidogo kuliko kabla. Badi alilaumu chakula. Alimwaga chupa nzuri, akaanza nyingine. Alirudi kwenye maji ya Mtongwe, akarudi kwenye rojo la Florence, akarudi kwenye ya Timbwani. Alilaumu mwezi, akalaumu chumvi, akailaumu hata sabuni aliyoogea kwa ajili ya sala ya Ijumaa.

Kufikia Julai, waridi lilikuwa limebaki nusu ya lilivyokuja. Kitsao alikuja kulitazama, akakaa kitako sakafuni muda mrefu. Mwishowe alimshauri alitoe, na yeye Kitsao atalirudisha ukutani lingali na roho.

"Ngoja ngoja yaumiza matumbo, ndugu yangu Badi," alimwambia. "Nawe wamngoja nani?"

Jawabu lilikuwa limefika siku chache nyuma kwa kaseti. Mwanaima alikuwa amesema kwamba safari hii si maneno. Mumewe amekubali, na Ramadhani hii, itakayoandama mwanzoni mwa mwaka ujao, atafunga Likoni pamoja na mwanawe. Waridi likirudi baharini sasa, litapona, na Mwanaima hataliona. Likibaki na kuendelea kunywea kila Ijumaa, litakufa kabla Shaabani haijaisha. Badi alimwomba Kitsao ampe muda kidogo tu.

Ikaja Alhamisi moja ya mwezi wa Agosti. Kwa kawaida siku hiyo Badi huenda msikitini kuswali Magharibi na kukaa huko kwenye uradi mpaka Isha. Siku ile homa ilikuwa imempanda. Alijifunika shuka, akaenda kujilaza kwenye kitanda cha Mwanaima ili awe karibu na tangi, akasinzia.

Aliamshwa na harufu ya udi. Hilo halikumshangaza hata kidogo. Jioni ya kuamkia Ijumaa nyumba zote za hapa hufukizwa, na isiyofukizwa watu huuliza kuna nini. Kilichomshangaza ni kwamba Mwanatumu alikuwa mle chumbani na chetezo mkononi. Hakuwa ameona kwamba kitandani kuna mtu. Alikaa juu ya kigoda, akakiweka chetezo sakafuni mbele yake, na akaanza kuzungumza kwa sauti ya chini na binti aliye Maskati.

Badi alikijua kigoda kile. Ndipo Mwanaima alipokuwa akikaa kila Alhamisi kabla hajaolewa, ameinamisha kichwa, mama yake akimfukiza nywele. Hakujua kwamba kila Alhamisi tangu harusi, yeye akiwa kwenye uradi, mkewe huja humu peke yake akakifukiza chumba ili binti akirudi asikute kinanuka ugeni. Alimsikia akimweleza Mwanaima bei ya nazi, na nani amejifungua, na kwamba lile sanduku lake la nguo ameliota limefunguliwa.

Na akiwa hapo amelala, hawezi kujitikisa kwa aibu ya kusikiliza, Badi aliuona moshi. Ulikuwa unapanda kutoka kwenye chetezo kama kawaida, kisha unapinda na kushuka, unaenda sakafuni kando ya meza, pale ilipokuwa pampu ya hewa ya tangi. Pampu iliuvuta wote. Ndani ya maji mapovu yalipanda mstari mmoja, na kila povu lilipopasuka juu lilitoa kiuzi chembamba cha moshi. Waridi lilianza kujikunja, tawi moja, halafu la pili.

"Nalitaka kupiga ukelele," anasema Badi. "Nikamtazama mke wangu. Nikafumba macho, nikajitia usingizini."

Mwandishi alimuuliza kwa nini hakumwambia hapo hapo. Badi aliangalia mlangoni kwanza, kuona kama Mwanatumu yuko karibu. Alisema kwamba kila mtu ana mahali pake pa kumngoja aliyeondoka. Yeye ana tangi, mkewe ana chetezo. Angewezaje kumwambia mkewe azime chake ili cha mumewe kiwake?

Alikaa na siri hiyo juma zima, na anasema homa ilikuwa afadhali. Kitsao alimwambia aseme tu, kwani udi ni udi, unaweza kuchomwa barazani. Badi hakutaka. Aliomba kipande kirefu cha mpira bandani, akaitoa pampu nje ya dirisha, akaifunika kwa dumu lililokatwa isinyeshewe, na mpira akaupitisha kwenye tundu alilolitoboa ukutani. Juu ya tangi alilaza kioo chenye nafasi ya mpira wa dripu tu. Mkewe alipouliza, alisema kelele za pampu zinamkosesha usingizi, yeye ambaye kwa sikio lile la kulia hasikii hata adhana.

Alhamisi ikaja, udi ukafukizwa. Ijumaa alfajiri Badi aliingia chumbani kabla hajatia udhu. Waridi lilikuwa limesimama wima, limejaa, kila tawi limefunguka. Alilitazama mpaka ikambidi akimbie msikitini.

Mwanatumu, mwanamke mwembamba mwenye macho yasiyopitwa na kitu, haikumchukua muda kuunganisha moja na moja. Yeye ndiye anayesimulia kilichofuata, maana mumewe anapofika hapa huanza kukohoa. Anasema alimsubiri amalize kula, akaondoa sahani, akakaa mbele yake.

"Baba Mwanaima, ni udi wangu?"

"Ni pampu. Ilikuwa yavuta pabaya."

"Nakuuliza, ni udi wangu?"

Badi aliinamisha kichwa. Mkewe akamuuliza mbona hakumwambia, miezi yote ile analimwagia lile ua chupa kwa chupa.

"Ningekwambia nini, Mwanatumu? Kwamba harufu ya mwanangu yaniulia waridi la mwanangu?"

Mwanatumu anasema hakuelewa mara moja. Mpaka siku ile hakujua waridi ni la nani; lile swali la kwenye kanda alilichukua kuwa utani tu wa binti na baba yake. Alidhani mumewe amepata kitu cha kujipumbaza, na kwamba binti amekwisha kumtoka moyoni, kwa kuwa tangu harusi hakumsikia akilitaja jina lake ila kanda inapofika. Miaka mitatu alikuwa akimfukizia Mwanaima peke yake kwa siri, akiona haya, akifikiri katika nyumba hii ndiye pekee anayemngoja. Anasema alilia, kisha akacheka, kisha akaenda kulitazama lile ua kwa mara ya kwanza kama mtu anayetoa mkono wa salamu.

"Nami naliliudhi, maskini," anasema. "Kila wiki nalilipa moshi, nalo halina mlango wa kutokea."

Siku hizi, Badi akiwa bandani, Mwanatumu ndiye anayebadilisha dripu. Amejifunza kunusa chupa, na mara mbili amewahi kuikataa chupa ambayo mumewe aliipitisha. Analalamika kwamba mzee huyu huchagua chakula cha waridi kwa makini kuliko anavyochagua samaki wa nyumbani, na kwamba ndiyo maana wiki iliyopita walikula samaki changu aliyelala, wa juzi. Badi anajitetea kwamba changu yule alikuwa mzima, ila alikuwa mnyonge.

Waridi limeanza kurudi. Ubavuni pake kuna kitawi kipya, chekundu cha kukoza, ambacho Kitsao alipokiona alipiga mluzi. Mpango wao wameshaupanga wote watatu. Mwanaima akija, ataonyeshwa waridi likiwa hai, kama alivyoahidiwa. Baada ya Idi, Kitsao atalichukua pamoja na kamba yake na kulifunga mahali pake ukutani, kwenye mkondo, likale bila dripu. Badi amekubali kwamba siku hiyo atapanda boti ya sakafu ya kioo, yeye na mkewe na binti na mjukuu.

Anakumbushwa maneno yake ya kuchungulia nyumbani kwake dirishani. Anacheka mpaka anashika sikio.

"Nikiwa na mwanangu, nitachungulia," anasema. "Nitamwonyesha kwa kidole. Pale, na pale, na pale."

Jioni inaingia. Ni Alhamisi. Mwanatumu anakuja na chetezo, anakiweka mahali pake pale pale mbele ya kigoda, na udi unaanza kupanda na kuenea chumbani. Siku hizi Badi hakai kwenye uradi mpaka Isha. Akishaswali hurudi, na wawili hao hukaa kwenye kitanda cha binti yao, moshi juu, waridi mbele yao limefunguka, tone la kijani likidondoka. Mara nyingine huzungumza na Mwanaima, mmoja baada ya mwingine.

Subira huvuta heri, wahenga walisema, ila hawakusema huivuta kwa kamba ya urefu gani. Mwandishi anawauliza itakuwaje iwapo Ramadhani hii nayo itaandama na kumalizika bila Mwanaima kufika.

Mwanatumu anamtazama mumewe. Badi haangalii mtu. Anasimama, anakwenda dirishani, anaichukua ile chupa ya alasiri na kuinusa tena. Anamimina sehemu kubwa kwenye dripu, anabakisha kiasi chini, anaongeza maji ya bahari mpaka shingoni, kisha anairudisha chupa mahali pake panapopata jua la asubuhi.

"Hii," anasema, "itakuwa tayari wiki ijayo."